Tamasha la bure la kuwaenzi wanawake waanzilishi wa sanaa: namna ya kuliandaa hapa Dodoma

Ikifika Mei, mvua zikishaondoka na watu wakiwa shambani wanavuna mtama na uwele, huanza kuulizwa maswali yaleyale. Kibali kinaombwa kwa nani? Spika ngapi zinatosha? Kama kiingilio ni bure, fedha zitatoka wapi? Na hili ndilo linaloulizwa kuliko yote: bibi yangu alikuwa mpiga hodari wa muheme, ngoma ya akina mama wa Kigogo, je, anafaa kuenziwa au mpaka awe amewahi kusikika redioni?

Anafaa. Tena yeye ndiye hasa. Mwanzilishi si lazima awe wa kwanza Tanzania nzima. Ni yule aliyekuwa wa kwanza pale kijijini kusimama mbele na kuongoza wimbo wakati wenzake wakiitikia nyuma, au aliyewafundisha ususi wasichana thelathini bila kulipwa, au aliyebeba vyungu vyake kichwani hadi mnadani na kusomesha watoto kwa kazi ya mikono yake.

Kuna jambo moja naomba ulishike kabla hujaendelea kusoma: tamasha hili ni la majina. Huku kwetu kazi ya mwanamke huitwa kwa kabila lake. Tunasema chungu cha Kigogo, kikapu cha Kinyaturu, ngoma ya akina mama, na yule aliyefinyanga, aliyesuka au aliyepiga hatajwi. Ukimaliza siku ile watu mia nne wakarudi nyumbani wakijua majina matano na kazi ya kila mmoja, umefaulu, hata kama spika zilikoroma. Ukiwa na jukwaa zuri na majina hayajulikani, ulichofanya ni burudani ya Jumamosi tu.

Mwongozo huu unafaa jijini, Chamwino, Bahi, Kongwa, Kondoa, Mpwapwa, na hata ng'ambo ya mpaka kule Manyoni na Singida. Nimeukadiria kwa watu 300 hadi 500 kwenye uwanja wa shule au wa kata.

UNAVYOHITAJI KABLA YA KUANZA

- Muda wa miezi mitatu. Miwili inawezekana ila mtakimbizana.
- Kamati ya watu saba, wanne wao wakiwa wanawake. Mwenyekiti na mhazini wasiwe watu wa nyumba moja.
- Mtu mmoja anayezungumza vizuri lugha ya wazee wa pale: Kigogo, Kirangi, Kisandawe, Kinyaturu, kulingana na ulipo. Kiswahili peke yake hakitakupa hadithi yote.
- Daftari gumu moja na simu yenye nafasi ya kutosha ya kurekodi sauti.
- Uwanja wenye vyoo, maji na angalau mti mmoja mkubwa.
- Fedha ya kuanzia ya nauli na vocha, hata kama ni kidogo.

HATUA ZENYEWE

1. Nenda kwa akina bibi kwanza

Wengi huanza kwa kutafuta mitambo na mshereheshaji. Acha. Wiki nne za mwanzo ni za kutembea. Mwone mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, mweleze nia yenu, kisha muulize ni nani waliokuwa wakiita watu ngomani zamani. Waulize pia viongozi wa kwaya, wakunga wa jadi, na wauza vyungu wa mnadani. Jina likitajwa na watu watatu wasiokaa pamoja, liandike.

Ukifika kwa bibi usitoe simu mfukoni. Msalimie, "Mbukwenyi" kama ni nyumba ya Kigogo, au shikamoo, kaa pale utakapoonyeshwa, mkaulizane habari za kilimo na wajukuu. Safari ya kwanza ni ya kujulishana tu. Ya pili ndiyo ya maswali. Mimi huuliza haya: Nani alikufundisha? Ulikuwa na umri gani? Ulipoanza watu walisemaje? Umemfundisha nani? Kazi yako ipi unaipenda mwenyewe? Swali la watu walisemaje ndilo linalofungua mlango. Bibi mmoja wa upande wa Bahi alinyamaza kidogo, kisha akasimulia kwa saa nzima jinsi alivyozuiwa ngoma na shemeji zake, na jinsi alivyorudi kuipiga alipokwisha kupata mtoto wa tatu.

Andika jina lake kama anavyolitamka yeye, na umsomee. Majina ya Kigogo huharibiwa sana na watu wa mjini: linaloanza na Ma- linageuzwa, herufi zinarukwa. Uliza anataka aitwe kwa jina la ubatizo, la ukoo, au mama fulani. Uliza tena mbele ya binti yake.

Tahadhari: zipo nyimbo zisizoimbwa mbele ya kila mtu. Nyimbo za kuwafunda wasichana zina mahali pake na watu wake. Muulize bibi ipi inafaa uwanjani na ipi ibaki ndani, na jibu lake ndilo la mwisho. Usimbembeleze kwa fedha.

Kama atakubali kurekodiwa, mweleze sauti itakwenda wapi: itasikika uwanjani tu, au vijana wataituma kwenye simu zao? Kukubali kwake kuwe kwa maneno yaliyorekodiwa mwanzo wa sauti yenyewe, mbele ya mtu wa familia yake.

2. Chagua watano, usichague ishirini

Kila familia itataka bibi yao awemo, na kamati itaogopa kuwaudhi watu. Ukiweka ishirini, kila mmoja atapata dakika mbili na hakuna atakayekumbukwa. Weka watano, na hao wengine waahidi mwaka unaofuata, ukiwa umeyaandika majina yao kwenye lile daftari. Changanya sanaa: mpiga ngoma, mwimbaji, mfinyanzi, msusi wa vikapu au mtunga shanga, na mwalimu wa kwaya au wa maigizo. Angalau wawili wawe hai na waweze kufika.

Halafu ongeza majina mawili au matatu ya kitaifa, ya kusimuliwa na watoto wa shule. Yanasaidia wasikilizaji kuona kwamba bibi yao yuko kwenye mstari mrefu. Haya hapa ninayoyatumia mimi:

Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, na kabla hajajulikana kwa taarabu alikuwa akitembeza vyungu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo kwa Kiswahili. Alifariki 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Ukiusimulia huu mbele ya wafinyanzi wetu, utaona wanavyokaa sawa kwenye mikeka.

Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, aliyepiga ngoma za unyago na kuimba taarabu hadi uzeeni kabisa. Alipata tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, mwaka 2005 na kufariki Aprili 2013.

Penina Muhando, mzaliwa wa Berega mkoani Morogoro, si mbali na sisi. Ameandika tamthiliya za Kiswahili tangu miaka ya 1970, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kupeleka maigizo vijijini ili wanavijiji wazungumze matatizo yao wenyewe.

Na kwa Wagogo usiwaache Pendo na Leah Zawose. Hukwe Zawose anajulikana dunia nzima kwa ilimba, kinanda kidogo cha kupigwa kwa vidole gumba, na zeze, alifariki 2003. Kwa miaka mingi wanawake wa ukoo ule waliimba na kucheza nyuma. Pendo ni binti yake, Leah ni mjukuu wake, na mwaka 2024 walitoa albamu yao wenyewe kwa jina la The Zawose Queens, wao wakiwa mbele. Wasichana wanaosikia hili huuliza maswali mengi. Wape muda.

3. Panga tarehe

Mvua zetu ni kuanzia Desemba hadi Aprili, kwa hiyo tamasha la uwanjani ni la kiangazi. Lakini kiangazi nacho kina mitego. Aprili hadi mwisho wa Juni Bunge la bajeti linakaa: vyumba vya kulala wageni jijini vinajaa na bei inapanda, na viongozi unaotaka waje hawana nafasi. Wiki ya kwanza ya Agosti yote ni ya Nane Nane kule Nzuguni, na mitambo, maturubai na vikundi vya ngoma vimekwisha kukodiwa. Huko Chamwino kuna tamasha la muziki wa Cigogo, yaani wa Wagogo. Ulizia tarehe zao kwanza, maana vikundi mnavyovitaka ndivyo hivyohivyo.

Mimi hupenda Septemba. Mavuno yamekwisha, watu wana akiba kidogo, baridi ya Juni na Julai imepungua, na joto la Oktoba halijaanza. Jumamosi, wala si Jumapili, kwa sababu waimbaji wetu wengi wako kanisani hadi saa 7 mchana. Hakikisha pia haiangukii siku ya mnada wa pale.

4. Vibali

Hapa ndipo watu wanapoogopa bure. Fuata mpangilio huu, na kila barua uwe na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa:

Kwanza serikali ya mtaa au kijiji, kisha mtendaji wa kata. Ukiwa na barua yao, nenda kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Huyu ndiye mtu wako muhimu kuliko wote. Atakueleza kibali gani kinatolewa hapo na kipi kinaombwa Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Mpeleke orodha ya vikundi, tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza. Kisha peleka barua kituo cha polisi kumjulisha mkuu wa polisi wa wilaya, na uombe ulinzi. Kama uwanja ni wa shule, mwalimu mkuu naye apate barua ya ombi pamoja na maelezo ya nani atasafisha.

Kama mtapiga nyimbo zilizorekodiwa katikati ya vipindi, ulizia COSOTA, ofisi ya hakimiliki, leseni inaombwa wapi. Njia rahisi ni kutopiga kabisa. Tamasha la wasanii walio hai halihitaji kuzibwa na muziki wa simu.

Kosa la kawaida: kupeleka barua wiki ya mwisho. Peleka wiki sita kabla. Na usichapishe bango kabla hujapata kibali mkononi. Niliwahi kuona kamati ikilipia mabango mara mbili kwa sababu tarehe ilisogezwa.

5. Fedha: bure kwa mtazamaji, si kwa msanii

Neno bure limewaumiza wasanii wengi. Kiingilio ni bure. Nauli si bure, chakula si bure, na jasho la mpiga ngoma si bure. Anza bajeti yako kwa mstari huu: posho ya wasanii na waenziwa, yaani wale wanaoenziwa. Ukikosa fedha, punguza turubai, punguza vikundi, usiguse mstari huo.

Mafungu mengine ni usafiri, chakula na maji, mitambo, viti na maturubai, mabango na picha, na akiba ya dharura ya moja kwa kumi ya jumla.

Michango ya vitu huja haraka kuliko fedha taslimu. Mwenye duka la vifaa vya shughuli anaweza kukubali kutoa viti 200 ukimtangaza. Wauza alizeti hutoa mafuta, wenye mashine hutoa unga, mwenye gari la maji hujaza simtanki. Waombe akina mama wa vikoba mmoja mmoja wakupe sufuria kubwa na nguvu za kupika. Kila kinachopokelewa kiandikwe siku hiyohiyo, na mhazini asome hesabu mbele ya kamati kila Jumamosi. Fedha za simu zipite kwenye namba moja tu inayojulikana na wote.

6. Uwanja

Nenda uwanjani saa 9 alasiri, siku ile ile ya wiki, usimame pale watazamaji watakapokaa. Jua liko wapi? Upepo unatoka wapi? Kiangazi upepo wetu hutoka zaidi mashariki na kusini-mashariki. Weka jukwaa upande wa kusini, watazamaji watazame kusini: jua la jioni halitawachoma machoni, na upepo utawaletea sauti badala ya kuirudisha. Bango kubwa la nyuma ya jukwaa litobolewe matundu ya nusu mwezi, la sivyo upepo wa Septemba utaling'oa pamoja na nguzo.

Mbigiri. Naliandika neno hili peke yake kwa sababu kila mwaka linasahaulika. Wachezaji wetu wanacheza pekupeku. Fagia eneo la kuchezea siku moja kabla na tena asubuhi, kisha wapitishe vijana wawili wenye ndala nyepesi kulikagua lote. Halafu nyunyizia maji kidogo saa moja kabla, vumbi litulie. Kidogo, ukimwaga ndoo ishirini utakuwa umefinyanga matope.

Chini ya ule mti mkubwa weka viti vya waenziwa na mikeka. Hakuna turubai linaloshinda kivuli cha mti. Meza kuu ya viongozi iwe pembeni. Tengeni pia sehemu ya kuwasha moto mdogo wa nyasi, mbali na maturubai, kwa ajili ya kukaza ngozi za ngoma kabla ya kupigwa, na ndoo mbili za mchanga kando yake.

Vyoo: hesabu matundu, weka maji na sabuni, na tenga kimoja cha wazee kilicho karibu zaidi. Bibi wa miaka themanini hawezi kutembea mita mia mbili kisha apange foleni.

7. Mitambo

Kwa watu 400 uwanjani, spika kubwa mbili, mikisa yenye chaneli 12, na maiki sita za waya zinatosha. Za waya, kwa sababu betri huisha wakati bibi ameanza kusimulia. Stendi sita, tatu ziwe fupi. Chukua jenereta hata kama umeme upo. Iweke upande ambao upepo unaelekea, ili moshi na kelele viondoke kwa watu.

Mafundi mitambo wengi wamezoea kwaya za kinanda na bongo fleva. Kaa na fundi wako mapema umweleze. Muheme, ngoma ile wanayoibana akina mama katikati ya mapaja na kuipiga kwa mikono wakiwa wamesimama, haihitaji maiki kabisa. Ngoma kumi zikianza zinafika mtaa wa pili. Maiki apewe mwimbishaji, kwa stendi, maana mikono yake ina kazi. Zeze na ilimba kinyume chake: ni vyombo vya sauti ndogo, vinahitaji maiki karibu, kama shubiri moja, na spika zipunguzwe mwangwi. Ukiongeza mwangwi kwenye ilimba zile nyuzinyuzi za sauti zinazotetemeka hupotea, na ndizo utamu wake.

Fanyeni majaribio na kikundi chenyewe. Kuhesabu moja mbili tatu kwenye maiki hakukuambii chochote kuhusu zeze.

8. Ratiba

Hii imenifaa:

Saa 8:00 mchana maonyesho yanafunguliwa na watoto wanafinyanga. Saa 9:00 kuenzi waanzilishi. Saa 9:50 ngoma, nyimbo, igizo moja fupi. Saa 11:30 neno la mgeni rasmi, dakika tano. Saa 11:40 ngoma ya mwisho ya wote. Saa 12:00 mwisho, watu wafike nyumbani kabla ya giza la saa 12:45.

Angalia mahali alipowekwa mgeni rasmi. Nimewahi kukaa uwanjani pamoja na akina bibi watatu tukisubiri tangu asubuhi gari la kiongozi mmoja lifike, na lilipofika hotuba zikala saa mbili. Mmoja alizidiwa na jua, akarudishwa nyumbani kabla jina lake halijasomwa. Tangu siku hiyo sikubali kuenzi kusubiri mtu yeyote. Mweleze mgeni rasmi katika barua ya mwaliko kwamba kuenzi kunaanza saa 9:00 kamili. Wengi huheshimu wakiambiwa mapema.

Kila anayeenziwa apewe dakika nane. Msomaji, ikiwezekana mjukuu wake, asome maisha yake kwa dakika tatu. Kisha kazi yake ionekane au isikike. Kisha yeye mwenyewe aseme kama anataka. Kisha zawadi. Ngao ya kioo siipendi, haina matumizi kwa mama wa kijijini. Doti ya khanga au kitenge, blanketi zito, picha yake kubwa iliyowekwa fremu, na bahasha. Picha ile ndiyo huwatoa machozi, hasa aliyewahi kupigwa picha ya kitambulisho tu maisha yake yote.

9. Maonyesho na darasa la watoto

Kila chungu, kikapu au ushanga uwe na kadi mbele yake, herufi kubwa: jina la aliyetengeneza, kijiji, na mwaka kama anaukumbuka. Kama kitu ni cha marehemu andika hivyo. Kama mtengenezaji hajulikani, andika "jina linatafutwa" na uache kalamu pale. Njia hii imewahi kutupatia jina la mfinyanzi aliyekwisha kufariki: mzee mmoja alikitambua chungu kwa mstari wa shingoni.

Ningependa pia uweke picha moja ya michoro ya miamba ya Kolo, Kondoa, iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Mwanaakiolojia Mary Leakey aliinakili kwa mkono mwaka 1951, na jina lake tunalo. Waliochora wenyewe, huenda miongoni mwao walikuwemo wanawake, hatuna jina la hata mmoja. Watoto wanaelewa haraka kwa nini tunaacha kalamu pale wakiona hilo.

Darasa la ufinyanzi: mfinyanzi mmoja kwa watoto kumi na tano, udongo aulete yeye kutoka anakochimba na alipwe kwa huo udongo. Msichome vyungu siku hiyo. Vikauke kivulini, watoto wavichukue Jumatatu.

10. Siku yenyewe

Usafiri wa waenziwa uwe wa kwanza kutoka na wa kwanza kurudi. Gari dogo, mlangoni kwao, pamoja na mtu mmoja wa familia. Bodaboda hapana. Chakula chao kiwe tayari saa 6:30 mchana, ugali laini na mlenda au mboga wanayoipenda, kabla ya shughuli. Weka maji ya kunywa sehemu tatu, na mhudumu wa afya mwenye kipimo cha presha karibu na mti.

Mshereheshaji awe amefanya mazoezi ya kutamka majina yote. Mwandikie kwa silabi. Mzuie kuwatania wazee au kuwalazimisha kucheza.

11. Wiki inayofuata

Safisheni uwanja jioni hiyohiyo. Ndani ya siku saba hesabu isomwe hadharani na karatasi ibandikwe ofisi ya mtaa. Mpelekee kila aliyeenziwa rekodi yake kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, pamoja na maneno yaliyosomwa juu yake. Nakala ya daftari la majina ipeni maktaba ya shule na afisa utamaduni.

YAKIHARIBIKA

Umeme umekatika na jenereta haiwaki. Zima kila kitu, sogeza watu wakae nusu duara, wapeni muheme uwanja. Akina mama hawa wamepiga miaka yote bila umeme.

Upepo umezidi. Shusha bango na maturubai mara moja, usisubiri. Hamishia kila kitu chini ya mti.

Watu wamekuja 900. Wekeni watoto mbele chini, mgambo wafungue njia mbili za kutokea, na chakula kipelekwe kwa wasanii na wazee tu. Mtangaze hilo wazi badala ya kuanza kugawa kisichotosha.

Familia mbili zinagombea nani alikuwa wa kwanza. Usiamue. Soma majina yote mawili na useme walikuwa wa wakati mmoja, kisha kaa nao baadaye na daftari.

Mwanasiasa ameomba maiki kunadi mambo yake. Mwenyekiti wa kamati, si mshereheshaji, amfuate na kumkumbusha kibali kilichotolewa ni cha nini. Kwa upole, na nakala ya kibali mkononi.

Video ya bibi imesambaa akiwa katika hali asiyoipenda. Mpigie aliyeirusha, mwombe aifute, kisha nenda kwa bibi mwenyewe umweleze ana kwa ana kabla hajasikia kwa jirani.

Bibi amefika na hataki kupanda jukwaani. Asipande. Mpelekee maiki na zawadi pale alipokaa, watu wageukie kwake.

Mmoja wa waenziwa amefariki kabla ya siku. Hili limetupata. Simamisha maandalizi, nendeni msibani kamati nzima, msitaje tamasha mpaka familia itaje yenyewe. Wakitaka jina lake liondolewe, liondoeni. Wakitaka libaki, kiti chake kiwe palepale chini ya mti na ngoma yake juu yake, mjukuu asome, na awe wa kwanza kusomwa.